Maziwa hayaoshi mapafu: maswali yenu ya afya kazini

Msimu huu wa alizeti maswali yenu yamekuwa mengi kweli na karibu yote yanatoka viwandani na kwenye maghala, Kizota, Nala, Kibaigwa, wengine mko Singida na Manyoni huko, na nikiyasoma moja baada ya jingine naona kitu kimoja kinajirudia, mtu anaumia kazini afu anatafuta namna ya kuuzoesha mwili wake, anywe nini, ajifunge nini kiunoni, aweke nini masikioni. Nimekaa nesi wa kiwanda miaka 11 kabla sijaanza kujibu ukurasa huu na nawaambia kwa moyo wote, mwili hauzoei. Cha kurekebisha ni mashine na mpangilio wa kazi, ndo maana majibu yangu mengi yataanzia huko. Majina sijayaandika, ndivyo mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo nesi. Niko kiwanda cha kukamua alizeti hapa Dodoma, mwaka wa tatu huu, kazi yangu kumimina mbegu kwenye chekeche. Bosi anatupa pakiti ya maziwa kila jioni ya kusafisha kifua. Sasa wiki za karibuni nakohoa sana usiku na kifua kinabana, ila mchana nikiwa kazini niko poa kabisa, mke wangu anasema ni moshi wa mkaa pale nyumbani. Je niongeze na maziwa ya asubuhi? (Msomaji, Kizota)

Marahaba mdogo wangu, pole sana na kifua. Nianze na haya maziwa maana nimeulizwa tangu siku yangu ya kwanza kiwandani. Ukinywa maziwa yanapita njia ya chakula yanaingia tumboni, na vumbi ulilovuta limepita njia ya hewa limeingia mapafuni, hizo ni njia mbili na pale kooni Mungu kaweka kifuniko makusudi ili cha huku kisiingie kule, maziwa yakifika mapafuni kweli ndo kupaliwa huko na mtu anaweza kufa. Kwahiyo kunywa maziwa yako, ni chakula kizuri, ila usiyahesabu kama kinga hata siku moja. Nimewahi kufungua stoo ya kiwanda nikakuta katoni za maziwa zimepangwa hadi usawa wa dirisha, na maski zilizokuwemo mle ni nne tu, zimeshatumika, zimening'inizwa kwenye msumari, ndani zimegeuka rangi ya udongo. Iliniuma sana, maana hela ilikuwepo na nia njema ilikuwepo ila vimeenda pasipo.

Sasa hicho kikohozi cha usiku. Watu wengi wanadanganyika hapa kwasababu wanategemea vumbi likudhuru palepale unapolivuta, kumbe pumu ya kazini mara nyingi inachelewa, unavuta vumbi asubuhi na mchana, mirija ya hewa inavimba taratibu, masaa manne hadi manane baadaye ndo kifua kinabana, na wewe saa hizo uko kitandani kwahiyo lawama zinaenda kwa mkaa, kwa baridi, kwa godoro. Vumbi la nafaka na mbegu limebeba vipande vya maganda, chavua, ukungu na vinyesi vya wadudu wa ghalani, ni vitu vinavyochokoza mapafu sana. Fanya hivi, chukua daftari, kila siku andika ulikuwa sehemu gani kiwandani na usiku ulikohoa kiasi gani, andika na siku za mapumziko. Ukiona Jumapili jioni una nafuu, na ukienda likizo wiki mbili kijijini kifua kinafunguka chote, afu siku ya pili ya kurudi kazini kinabana tena, hapo umeshajua adui yuko wapi. Hilo daftari nenda nalo hospitali na useme mwenyewe kwamba unafanya kazi kwenye vumbi la alizeti, usisubiri kuulizwa, maana foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache, usiposema utapewa dawa ya kikohozi urudi. Na kwasababu umeshakohoa wiki kadhaa lazima upimwe makohozi kwa ajili ya TB, kikohozi kikizidi wiki mbili kipimo hicho ni cha lazima na kwenye vituo vya serikali ni bure. Usiruke hatua hii hata kama una hakika ni vumbi.

Halafu kiwandani. Saa nne asubuhi jua likiingia dirishani simama uangalie ule mwanga, utaona vumbi linavyoelea, na lile linaloingia ndani kabisa ya mapafu ni dogo kuliko hata hilo unaloliona. Waambie wenzako mwende kwa supavaiza pamoja, msiende mmoja mmoja. Mbegu zikimiminwa kutoka juu sana vumbi linaruka, zikimiminwa karibu na mdomo wa chekeche linapungua sana, hiyo haina gharama. Chekeche ifunikwe kwa bati na iwekwe bomba la feni la kunyonya vumbi palepale linapotokea, hiyo ina gharama ila ndo dawa yenyewe. Kufagia kwa fagio kavu muache, tupeni maranda yaliyolowa kidogo ndo mfagie, na ile tabia ya kujipuliza nguo kwa upepo wa kompresa mwisho wa shifti iachwe kabisa, unalirudisha vumbi hewani unalivuta upya, na ule upepo ukipiga kwenye jeraha au jicho ni balaa jingine. Mwenye kiwanda naye ana sababu ya kusikiliza, maana vumbi la nafaka likijaa hewani kwenye chumba kilichofungwa likakutana na cheche linalipuka, siyo kuungua tu, linalipuka na kubomoa jengo.

Maski inakuja baada ya hayo. Iwe ile ngumu iliyoandikwa N95 au FFP2, zile za buluu za hospitali na vitambaa vinapitisha hewa pembeni. Ivae, ibane pua, puliza kwa nguvu, ukisikia hewa inatoka mashavuni haijakaa vizuri, na mwenye ndevu nyingi haiwezi kukaa kabisa. Ikianza kuwa nzito kuvuta hewa imejaa, ibadilishwe. Na mdogo wangu, daktari akithibitisha kwamba ni pumu ya kazini hata maski nzuri haitakutosha, omba kuhamishwa sehemu isiyo na vumbi, mapema, kwasababu ukiendelea miaka pumu inabaki hata ukiacha kazi.

Wale mnaoponda kokoto na kukata mawe msifikiri hili haliwahusu. Lenu ni baya zaidi. Vumbi la mawe lina silika, yaani madini yaliyomo ndani ya jiwe lenyewe, linaacha makovu kwenye mapafu na makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa, na mtu mwenye silika kifuani anashikwa na TB kirahisi kuliko wengine. Maji, maji, maji. Jiwe likatwe likiwa limelowa.

SWALI: Nesi habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume amekatwa vidole viwili na mashine, alikuwa anatoa kitu kilichokwama. Bosi kalipia hospitali, kampa laki tatu na karatasi asaini kwamba wamemalizana. Yeye ni kibarua, mkataba hana, analipwa kwa wiki. Tunaogopa tukienda mbali atafukuzwa. (Dada mtu, Chang'ombe)

Nzuri dada yangu, na poleni sana nyumba nzima, mpe mkono wa pole. Hiyo karatasi asisaini. Kama kashasaini msikate tamaa, nendeni hivohivo.

Kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na kwa sheria hiyo upo WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, umeanza kazi mwaka 2015. Waajiri wote wa Tanzania Bara wanatakiwa kujisajili na kuchangia, sa hivi kiwango ni asilimia 0.5 ya mishahara wanayolipa, na mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Kibarua naye ni mfanyakazi, mkataba hata ukiwa wa mdomo. Mtu akiumia kazini Mfuko unalipia matibabu, unamlipa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi, ulemavu ukibaki unapimwa na madaktari afu kuna malipo yake, kuna utengamao yaani kumsaidia arudi kazini au ajifunze kazi nyingine, na Mungu apishe mbali, mtu akifariki wategemezi wake wanalipwa na mazishi yanagharamiwa. Sasa linganisha na laki tatu. Vidole viwili vya kijana ambaye ana miaka 30 mbele ya kufanya kazi.

Mwajiri ndo anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko, akikataa mdogo wako aende mwenyewe, ofisi ipo hapahapa Dodoma. Asizubae, taarifa ya ajali ikikaa zaidi ya miezi 12 bila kufika kwa mwajiri wala kwa Mfuko haki inapotea. Leo hii leo mkae mezani muandike, tarehe, saa, mashine ipi, nani alikuwepo na namba zao za simu, nani alimkimbiza hospitali. Kadi ya hospitali na karatasi zote za matibabu pigeni picha zikae kwenye simu mbili tofauti. Kwa vile hana karatasi ya mshahara, zile meseji za hela anazotumiwa kwa simu kila wiki ndo ushahidi wake, asifute hata moja. Nimeona kesi inasimama wima kwasababu ya meseji kumi tu.

Kuhusu kufukuzwa siwezi kukuahidi bosi atafurahi. Ila bosi mwenye akili ukimweleza kwamba mzigo huu unabebwa na Mfuko aliouchangia, wengi wanatulia, kwasababu wengi wanaficha ajali kwa kuogopa gharama na wengine hawajui kabisa. Kama hajajisajili, hilo ni kosa lake yeye.

Na nyie mnaosoma ambao vidole vyenu viko kumi, sikilizeni. Ajali hii nimeiona ileile mara nyingi mno, kitu kimekwama, shifti inasukumwa, mtu anasema sekunde moja tu. Mashine inazimwa, swichi kuu inafungwa kwa kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwa yule yule anayeingiza mkono, siyo kwa supavaiza, siyo ukutani. Kwanini mfukoni mwake, kwasababu mwenzio anakuja kutoka chooni anakuta mashine imesimama, hajui kama uko nyuma yake umeinama, anawasha. Afu unasubiri mpaka mzunguko uishe wote, mkanda na gurudumu zito vinaendelea kuzunguka hata umeme ukishakatika. Mikono ya nguo ndefu, kanga za kujifunga kiunoni, mitandio inayoning'inia, mkufu, pete, visogee karibu na mkanda hapana. Glavu nazo, mnaotoboa vyuma kwa drili ya meza msivae glavu pale, ile kekee ikiishika inavuta na mkono.

SWALI: Fundi wa mabati hapa, Nala. Sikio la kulia linalia kama nzige usiku nikilala, mke wangu ananilaumu naweka TV sauti kubwa na kwamba akiniita sijibu. Nikiwa kazini naweka pamba. Kuna dawa ya kutia sikioni? (Fundi)

Kaka, dawa ya kurudisha usikivu uliopotea kwa kelele haipo, na nasikitika kukuambia hivo lakini bora ujue leo kuliko uendelee kutia matone. Ndani kabisa ya sikio kuna vijinywele vidogo sana vinavyopokea sauti, kelele ikizidi kila siku vinachoka, vikishakufa haviotei tena. Huo mlio unaousikia usiku ndo kilio chao. Vinavyoanza kufa ni vya sauti nyembamba, ndo maana utakuta sauti nzito ya mwanaume unaisikia vizuri ila ya mkeo na watoto inakupotea, unasikia mtu anaongea lakini maneno hayakamatiki, herufi kama s, f na sh zinayeyuka. Mkeo siyo mkorofi, mwambie nimesema, na wewe humdharau.

Ukali wa sauti unapimwa kwa desibeli, na wataalamu wanasema mwisho ni desibeli 85 kwa masaa nane. Ukiongeza desibeli 3 tu nguvu ya kelele inakuwa mara mbili, kwahiyo kwa 88 mwisho ni masaa manne, 91 ni mawili, 94 ni saa moja. Huna kipimo, sawa, simama hatua moja kutoka kwa mwenzio, kama lazima upaze sauti ndo akusikie, kelele imeshafika pabaya.

Pamba haizuii kitu, inakupa moyo tu wa kukaa muda mrefu zaidi kwenye kelele. Na vijana wanaoweka muziki masikioni ili wasisikie mashine wanaongeza kelele juu ya kelele. Mnatakiwa mpewe viziba masikio vya sponji au yale makubwa yanayofunika sikio lote, na kwa sheria ni bure kwako, hukatwi mshahara. Vile vya sponji wengi mnavichomeka nusu, kiviringishe kwa vidole visafi mpaka kiwe chembamba, nyosha mkono wa pili upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia hapo sekunde 20 hadi 30 kivimbe. Ukiongea ukasikia sauti yako imekuwa nzito kama uko ndani ya pipa, kimekaa.

Ila tena narudi kwenye mashine. Kompresa inaweza kutolewa nje ya jengo ikajengewa kibanda, bolti zilizolegea zikazwe, chini ya mashine iwekwe mipira minene, bati lililokatwa literemke kwenye raba badala ya kudondoka chuma kwa chuma. Kiwanda kimoja nilichofanya kazi walihamisha kompresa tu, ukuta wa nyuma, na siku ile mchana kwa mara ya kwanza nilisikia watu wanasalimiana pale ndani bila kupiga kelele, nilisimama mlangoni nikabaki nasikiliza tu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inataka mfanyakazi apimwe afya anapoanza, katikati ya kazi na anapoondoka. Kwenye kelele kipimo cha usikivu kiwemo. Ukipimwa omba nakala yako uiweke nyumbani, miaka ijayo ukidai fidia ndo karatasi itakayosema ulikuja na masikio mazima.

SWALI: Mimi ni mbeba mizigo, ghala la mahindi Kibaigwa. Kiuno kinaniua. Natumia diklofenaki ya maumivu kila siku asubuhi kabla ya kazi na nimenunua mkanda wa kiuno. Gunia ni lumbesa, limejazwa kupita mdomo wake, tunalipwa kwa gunia. (Kijana wa miaka 26)

Mwanangu, pole. Miaka 26 kiuno kuuma kila siku siyo kawaida, usikubali kuambiwa ndo kazi. Hicho kidonge cha kila asubuhi acha kwanza, diklofenaki ya kila siku inachimba vidonda tumboni na inaumiza figo, na zaidi sana kwa mtu anayetoka jasho juani hajanywa maji ya kutosha, na wewe uko Kongwa mwezi wa kumi unajua jua lake. Isitoshe inakuzimia taarifa, kiuno kinapiga kelele kwamba kinaumia na wewe umekiziba mdomo unaongeza gunia jingine. Mkanda nao hauzuii jeraha, hilo limechunguzwa.

Lumbesa inavuka kilo 100. Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 1967 lilipendekeza mwanaume mzima asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55, sasa wewe unabeba karibu mara mbili yake, na siyo mara moja, siku nzima. Lumbesa yenyewe ni marufuku kwa sheria ya vipimo, tunaizungumza kama wizi kwa mkulima tu na ni kweli ni wizi, ila mgongo wa kuli nao unaibiwa palepale. Najua unalipwa kwa gunia na huwezi kugoma peke yako. Ongeeni kama kikundi na wenye maghala, mzigo uhesabiwe kwa kilo, gunia lijazwe hadi mdomo lishonwe bila kile kilemba cha juu, na la kilo 100 libebwe na watu wawili au toroli. Toroli na ubao wa kupandia lori ni hela ya siku chache za kazi zenu mkichanga, na kama mwenye ghala anazitoa yeye ni sawa zaidi. Magunia yasipangwe juu ya kichwa chenu, na yale ya chini kabisa yakae juu ya mbao ili msiyainamie hadi sakafuni.

Ukiona mguu unakufa ganzi, au unakosa nguvu, au mkojo unashindikana kuutoa au kuuzuia, au sehemu za siri zinapoteza hisia, hospitali siku hiyohiyo, usiku uleule, usisubiri Jumatatu.

SWALI: Nina mimba ya miezi mitatu, napaka vanishi na kupiga tina, ile ya kuyeyushia rangi, kwenye karakana ya fenicha. Harufu inanipa kizunguzungu. Naogopa kusema nisije nikaachishwa kazi. (Mama mtarajiwa, Nkuhungu)

Hongera mdogo wangu. Sema, na sema wiki hii, maana hiyo harufu ni mvuke unaopita kwenye damu yako na unamfikia mtoto, na miezi hii ya mwanzo ndo viungo vyake vinaundwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto, na mimba siyo sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Omba uhamishwe, kupiga msasa hapana maana vumbi lipo, ila kushona vitambaa, mapokezi, stoo isiyo na rangi. Peleka ombi kwa maandishi na kadi ya kliniki, baki na nakala. Ukikaribia kujifungua kazi ya usiku usipewe, likizo ya uzazi ni siku 84, na ukijaliwa mapacha ni 100, na ukirudi una hadi masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha.

Nguo za kazini usifue na za familia. Na mikono usioshe kwa tina, inaingia kupitia ngozi, tumia mafuta ya kula kwanza afu sabuni.

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti na mashine ya unga, wafanyakazi tisa. Sina hela za wataalamu. Nianzie wapi? Nisije nikafungiwa. (Mjasiriamali, barabara ya Singida)

Kaka yangu nimefurahi sana kupata barua hii, wenye viwanda huwa hawaandiki. Kesho asubuhi kabla mashine haijawashwa zunguka na mfanyakazi wako wa muda mrefu kuliko wote, mwambie akuonyeshe mahali ajali ilipowahi kumkosakosa. Usimwulize kuhusu sheria wala vifaa, uliza hivo tu. Atakupeleka sehemu tatu au nne na utashangaa ulikuwa unapita hapo kila siku.

Pa kwanza itakuwa mkanda. Karibu kila mashine ya kukamua niliyoiona mkoa huu mkanda uko wazi, na fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kifuniko cha wavu wa chuma siku moja, kikae kwa bolti ili kisitolewe kirahisi. Pili swichi ya kuzima dharura iwe pale mkono wa mwendeshaji unapofika, siyo chumba cha pili. Nunua kufuli moja kwa kila mashine kwa ajili ya siku ya kusafisha, nimeeleza hapo juu. Maji ya kunywa safi yawepo ndani, kwenye chumba cha kukaangia mbegu kina joto sana na mtu akipungukiwa maji anazubaa, na anayezubaa karibu na mashine ni hatari. Waambie waangalie mkojo, ukiwa wa njano iliyokolea hawajanywa vya kutosha. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na vitu, liangaliwe kila mwezi, na watu wawili wajue kulitumia.

Halafu nenda OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, hapa Dodoma wapo, sajili eneo lako la kazi mwenyewe kabla hawajakufuata, na nakushauri uende na maswali kama ulivyoniandikia mimi, mtu anayekuja mwenyewe wanamwelekeza. Kwa kuwa unao zaidi ya wafanyakazi wanne unatakiwa uwe na mwakilishi wa usalama na afya, mteue kwa maandishi, na tafadhali asiwe shemeji yako wala mtu anayekuogopa, awe yule aliyekuonyesha pale palipomkosakosa. Jisajili WCF pia. Kwa mishahara ya watu tisa huo mchango ni mdogo kuliko unachotumia kwa mafuta ya gari mwezi mzima.

Daftari moja liwe mezani, kila ajali hata ya kukwaruzwa iandikwe, na kila iliyokosakosa. Usimkaripie anayeandika. Ukimkaripia mara moja tu daftari litabaki jeupe, na wewe utadhani kiwanda chako ni salama mpaka siku unapigiwa simu. Ukishafunga vile vifuniko vya mikanda niandikie tena, tuongee sasa vumbi la mashine ya unga, hilo lina mambo yake na nataka unitumie kwanza picha ya pale unga unapodondokea.